Kabla ya Kupanua Shamba, Okoa Ulichokwisha Kulima

Kila mahindi yanapoanza kukauka shambani, maswali yanayonifikia huwa ya aina moja. Mmoja anataka kujua alime vipi bila kumaliza pori lililobaki nyuma ya shamba lake. Mwingine, mkazi wa mjini, anauliza kama kuacha nyama kutasaidia lolote. Wa tatu ameona mvua zinavyobadilika na mkaa unavyopanda bei, anauliza aanzie wapi. Wengi hutegemea nitaje mashine au mbegu mpya. Jibu langu halijabadilika: anza na stoo, kisha jiko.

Takwimu za serikali zinaonyesha kuwa Tanzania hupoteza takriban hekta 469,000 za misitu kila mwaka, na sehemu kubwa huishia kuwa mashamba mapya na mkaa. Mkulima aliyevuna magunia kumi, wadudu wakamlia mawili, mwakani atafyeka kipande kingine ili afidie pengo. Gunia lililogeuka vumbi lilikwisha kula mbolea, mvua, dizeli ya trekta na nguvu za watu wa nyumba nzima. Kuliokoa hakuhitaji kukata mti hata mmoja.

Nitakaa zaidi kwenye mahindi na maharage, maana ndiyo ninayoulizwa sana. Mengine nitayapitia haraka.

Usiyaache mahindi yakisubiri shambani

Kosa la kwanza hufanyika kabla hata ya kuvuna. Watu huyaacha mahindi yamesimama shambani wiki baada ya wiki, wakisema yanajikausha bure. Yanakauka kweli, lakini hukohuko ndiko wadudu wanakoingilia, na unayabeba mwenyewe mpaka nyumbani.

Mdudu wa kuogopwa zaidi ni dumuzi. Asili yake ni Amerika ya Kati, na kwetu alionekana kwanza Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970. Wakulima wa huku walimbatiza Scania, wa Kenya wakaja kumwita Osama. Jina lenyewe linatosha kukueleza alichowafanyia watu.

Punje ikikomaa, menya chache kwenye gunzi na utazame chini, pale iliposhikana na gunzi. Ukiona doa jeusi, mahindi yamekomaa. Hayaongezi uzito tena, yanabaki kupoteza maji tu. Vuna, kisha kaushia nyumbani.

Wakati wa kuvuna:

- Usiyarundike mahindi ardhini, hata kwa usiku mmoja. Unyevu wa udongo na ukungu wake vinapanda.
- Tenga papo hapo magunzi yaliyooza, yaliyotobolewa na ndege au yaliyolala chini.
- Usipukuchue kwa kupiga gunia kwa fimbo. Punje iliyopasuka ni mlango wa wadudu na ukungu. Mashine ndogo ya kupukuchulia, hata ya kukodi au ya kikundi, hulinda punje.

Kukausha, na jaribio la chumvi

Anika juu ya turubai au kichanja. Usianike kwenye udongo mtupu, wala pembeni mwa barabara ya lami ambako vumbi, mafuta na kinyesi cha kuku vyote vinaingia. Tandaza kwa unene mdogo, geuza mara kwa mara, na ufunike jua linapozama. Mahindi yaliyolala nje bila kufunikwa hunyonya tena umande.

Ili yahifadhiwe salama, unyevu wa mahindi unatakiwa uwe asilimia 13.5 au chini. Kipimo cha kisasa kinapatikana kwa baadhi ya maafisa ugani na vyama vya ushirika. Usipokipata, tumia chumvi:

1. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, yenye mfuniko.
2. Weka mahindi mpaka kiasi cha theluthi ya chupa.
3. Ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi laini iliyokaushwa vizuri juani au kwenye kikaango.
4. Funga, tikisa dakika mbili tatu, kisha uache itulie kama robo saa.
5. Chumvi ikiganda kwenye ukuta wa chupa, mahindi bado mabichi. Ikidondoka yote chini, yameshuka chini ya asilimia 15.

Hapo kwenye hatua ya tano ndipo watu wanapokosea. Asilimia 15 bado si 13.5. Chumvi ikidondoka, usikimbilie kufunga. Anika tena siku moja au mbili za jua kali, halafu uyaache yapoe kivulini. Mahindi yakifungwa yangali na joto la jua hutoa jasho ndani ya mfuko.

“Mimi huyang’ata tu, nikisikia mlio najua yamekauka.” Jino la mzee aliyelima miaka mingi linaweza kumwambia ukweli. Jino la mtu aliyeanza kulima juzi halimwambii kitu. Chumvi ni rahisi, itumie.

Mfuko usiopitisha hewa

Mifuko hii wengi wanaifahamu kwa jina la kinga njaa. Ilibuniwa mwishoni mwa miaka ya 1980 nchini Kameruni na watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani, kwa ajili ya kunde, kisha ikaonekana inafaa kwa nafaka na mikunde mingine. Ina mifuko miwili ya nailoni nzito ndani na kiroba cha kawaida nje. Inavyofanya kazi ni rahisi kueleza: wadudu walioingia na mahindi huvuta hewa iliyomo mpaka inaisha, na kwa kuwa nyingine haiingii, hawali, hawazaliani, mwishowe wanakufa. Hakuna dawa inayowekwa.

Namna ya kujaza:

1. Kagua kila nailoni. Ipulize ijae hewa, ikamate mdomo, minya, usikilize. Ikipumua, ina tundu, usiitumie.
2. Ingiza nailoni moja ndani ya nyingine, zote mbili ndani ya kiroba.
3. Jaza mahindi yaliyopepetwa, yasiyo na vipande vya gunzi wala vijiti vinavyoweza kuchoma nailoni.
4. Tikisa na ushindilie kila baada ya debe ili kupunguza nafasi ya hewa. Acha nailoni ya kutosha juu kwa kufungia.
5. Funga nailoni ya ndani peke yake: sokota kwa nguvu, ikunje, ifunge kwa kamba. Kisha ya pili hivyohivyo, na kiroba mwisho.
6. Weka juu ya chaga, mbali na ukuta, mbali na jua. Toa makorokoro yote ambamo panya hujificha.

Sasa makosa, maana mfuko huu husingiziwa sana:

- Kufungua kila wiki kuchota mahindi ya kula. Kila ukifungua unawaletea wadudu pumzi. Tenga chakula cha miezi ya mwanzo kwenye gunia la kawaida, ukianza na kilicho dhaifu, na hii mifuko ifungue mmojammoja, wa kwanza ukiisha ndipo ugeukie wa pili.
- Kufunga mahindi mabichi. Mfuko haukaushi. Unayoyaingiza yakiwa na unyevu utayatoa yakiwa na ukungu.
- Kuongeza dawa “kwa usalama zaidi”. Unatupa fedha, na unajilisha dawa bila sababu.
- Kumsahau panya. Hewa haipiti, lakini meno ya panya yanapita. Tundu moja linatosha kurudisha kila kitu nyuma.
- Kuutupa baada ya msimu mmoja. Nailoni zikiwa nzima, utautumia msimu wa pili na hata wa tatu. Kiroba cha nje kikichakaa, badilisha hicho tu.

Kwa wenye mavuno mengi zaidi kuna vihenge vya chuma vinavyofungwa visipitishe hewa. Gharama ya kuanzia ni kubwa, lakini panya hawaviwezi na hudumu miaka mingi. Kikundi kikichanga, hesabu inakubali.

“Lakini mfuko mmoja ni bei ya viroba kadhaa”

Ndiyo. Sasa chukua kalamu. Gunia la kilo 100 ni takriban debe sita. Ukipoteza debe moja tu kwa dumuzi kati ya Julai na Februari, na wapo wanaopoteza zaidi ya hilo, umepoteza bei ya debe kwa wakati ule wa Februari, mahindi yakiwa adimu. Linganisha na bei ya mfuko dukani kwako. Kisha ugawanye bei hiyo kwa misimu miwili.

Faida kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba mfuko unakupa uwezo wa kusubiri. Anayeuza Julai kwa hofu ya wadudu huja kununua mahindi hayohayo Januari kwa bei ya juu. Huyo ndiye hulazimika kupanua shamba kila mwaka na bado haponi.

Nionye pia kuhusu vidonge vya kufukizia ghala. Vinatoa gesi ya sumu kali. Usiviweke kamwe kwenye magunia yaliyo ndani ya nyumba wanamolala watu, hata kama muuzaji amekuambia “kimoja tu hakina neno”. Hiyo ni kazi ya mtu aliyefunzwa, kwenye ghala lililotengwa.

Sumukuvu: usiwape kuku, usipikie pombe

Mwaka 2004 watu 125 walikufa mashariki mwa Kenya, maeneo ya Makueni na Kitui, kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Mwaka 2016 ikawa zamu yetu, katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Sumu hii hutokana na kuvu wanaoota kwenye mahindi na karanga zilizopata ukame shambani, au zilizokaushwa na kuhifadhiwa vibaya. Haina harufu wala ladha ya kukuonya.

Mambo manne ninayoyarudia kila mwaka:

- Kupika hakuiondoi. Ugali uliosongwa ukaiva sawasawa, pombe iliyochemka, uji wa mtoto, vyote hubaki nayo.
- Mahindi mabovu ukimpa ng’ombe, sumu huja kwenye maziwa. Ukiwapa kuku, wanadumaa na kufa.
- Kuchambua kunasaidia sana. Toa punje zilizobadilika rangi, zilizosinyaa, zilizovunjika. Kwa karanga, chambua mara mbili.
- Ulichokitoa, kifukie au ukichome moto. Usikiuze kwa bei ya kutupa, maana kitarudi mezani kwa mtu.

Hapa kuna jambo linalowachanganya wapenzi wa dona. Dona ni bora kwa lishe, tena haipotezi sehemu ya punje inayoondolewa wakati wa kukoboa sembe, kwa hiyo gunia lilelile linalisha watu wengi zaidi. Naipenda na naishauri. Lakini sumukuvu hukaa zaidi kwenye ganda na kiini, sehemu zilezile ambazo kinu cha sembe huziondoa. Hivyo dona ya mahindi mazuri ni chakula kizuri, na dona ya mahindi mabovu ni mbaya kuliko sembe yake. Anayekula dona asilegee katika kuchambua.

Jikoni: maharage ndiyo yanayokula mkaa

Kwa tanuri la udongo la kienyeji, kilo moja ya mkaa hutoka kwenye kilo sita hadi kumi za kuni. Kwa hiyo mtu wa Mbagala asiye na shamba popote ana shoka lake msituni Kilosa au Handeni, analitumia kila anapowasha jiko. Serikali imejiwekea lengo kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia. Wewe huna haja ya kusubiri mwaka huo.

Anza na vitu visivyo na gharama:

- Loweka maharage usiku kucha, mwaga maji yake, pika kwa maji mapya. Nashangaa jambo la bure kama hili bado linahitaji kubembelezewa.
- Funika sufuria. Kila wakati. Maharage, nyama, hata maji ya chai.
- Pika ya siku mbili tatu kwa mkupuo, gawa, weka kwenye friji kama unayo.
- Zima mkaa uliobaki. Mpishi akiipua, mkaa huachwa uungue wenyewe mpaka majivu. Utie kwenye kopo la bati lenye mfuniko, ufunike. Utazimika kwa kukosa hewa na kesho utawaka tena. Usiumwagie maji.
- Ivishia kwenye kapu. Chemsha maharage yaliyolowekwa kwa dakika ishirini hadi thelathini yakitokota kwa nguvu, funika, kisha ingiza sufuria ndani ya kapu lililojazwa nguo kuukuu au majani makavu pande zote, juu pia. Yaache saa kadhaa. Yatamalizikia kwa joto lake. Ukiyatoa, yachemshe tena kabla ya kula.

Onyo ambalo silichoki: usiingize jiko la mkaa chumbani kwa ajili ya joto, na usilale nalo hata kama limebaki na kaa mbili. Gesi yake haina harufu, na huua familia usingizini.

“Umeme ni ghali, sitauweza.” Jiko la sahani kwa maharage ni ghali kweli. Jiko la presha la umeme ni kitu kingine: limefungwa, limezungushiwa kizuia joto, na likishapata moto linajizima na kujiwasha lenyewe. Kilo ya maharage yaliyolowekwa huiva kwa chini ya uniti moja. Tazama uniti kwako unainunua kwa shilingi ngapi, halafu kumbuka makopo ya mkaa uliyowasha mara ya mwisho ulipopika makande. Kikwazo halisi ni bei ya kulinunua jiko lenyewe, hilo sikatai. Ndipo mchezo wa upatu unapofaa kuliko kununulia vyombo vya kabatini.

Sokoni na kwenye friji

Mkulima, achana na lumbesa. Gunia la viazi au vitunguu lililoongezwa kichwa linakunyonya wewe na kuharibu mzigo, kwa kuwa vya chini husagika njiani. Uza kwa kilo; sheria ya vipimo iko upande wako. Nyanya nazo, ukiweza, zisafirishe kwenye kreti za plastiki. Tenga lililofumwa kwa fito huzichubua, na ile moja iliyochubuka huozesha jirani zake kabla lori halijafika.

Mnunuzi wa mjini:

- Nunua nyanya za viwango tofauti vya kuiva, ule za leo leo na za Ijumaa Ijumaa. Zile ngumu zisiingie kwenye friji.
- Usioshe mboga za majani kabla ya kuhifadhi. Zikunje kwenye kitambaa kikavu.
- Kiporo cha wali kisilale kwenye sufuria mezani hadi asubuhi. Kigawe kipoe haraka, kiingie kwenye friji ndani ya saa mbili. Kama huna friji, pika kidogo. 

Na msimu wa neema ukifika, kausha. Ujuzi huu tunao tangu zamani: Wagogo na mlenda wao, Wasukuma na Wanyamwezi na michembe na matobolwa ya viazi vitamu. Majani ya kunde yachovye kwenye maji yanayochemka kwa dakika mbili tatu, chuja, anika kivulini penye upepo juu ya chekeche, ukifunika kwa chandarua kuzuia nzi. Jua kali hupausha mboga na kuondoa vitamini.

Nyama, mbaazi na mpunga

Kuhusu nyama nitasema machache. Nyumba nyingi nchini hula nyama mara chache, na sioni maana ya kuwahubiria. Wewe unayepita kwenye nyama choma karibu kila jioni, hayo yanakuhusu. Badilisha siku kadhaa kwa dagaa, choroko, kunde au mbaazi. Dagaa nunua walioanikwa juu ya vichanja, si mchangani. Wengi wa mchangani hutupwa, na unaobahatika kuwala wanakwaruza meno. Mbaazi tunayo ya kutosha: mwaka 2017 India ilipoweka kikomo cha kiasi inachoingiza, bei ilianguka na wakulima wa Babati na Mtwara wakabaki na mzigo ambao sisi wenyewe hatukuwa na mazoea ya kuula. Inarutubisha udongo, inavumilia ukame, na ikipikwa kwa nazi haihitaji kuombewa radhi.

Wakulima wa mpunga wa kumwagilia, ulizieni kilimo shadidi, kama kilivyojaribiwa kwenye skimu ya Mkindo, Mvomero. Miche hupandwa ingali michanga, ya siku nane hadi kumi na mbili, mmoja kwa kila shimo, kwa nafasi ya sentimita 25 kwa 25. Maji huingizwa na kukaushwa kwa zamu badala ya kulifanya jaruba bwawa msimu mzima. Maji yanaokolewa, na gesi ya methani inayozalishwa na tope lililokosa hewa inapungua. Ubaya wake ni magugu: bila maji yaliyotuama yanachipua kwa fujo. Usianze kabla hujapata kipalizi cha kusukuma kwa mkono, na anza na robo eka tu.

Maganda na mabaki

Hata ukifuata yote haya, maganda ya ndizi na viazi yatabaki. Ukiyatia kwenye mfuko wa taka yanakwenda dampo, kule Pugu Kinyamwezi kwa watu wa Dar es Salaam, yanaoza bila hewa na kutoa methani ileile ya jaruba. Mwenye kiwanja kidogo atengeneze mboji: tabaka la maganda mabichi, juu yake tabaka nene zaidi la majani makavu au pumba za mbao, kisha samadi kidogo ya kuku. Nyunyiza maji mpaka ukiiminya kiganjani isitoe zaidi ya tone moja mawili. Geuza kila wiki mbili. Lundo likinuka, limekosa hewa au limezidi unyevu: ongeza makavu, geuza. Lisipopata joto, limekosa maji au samadi. Nyama, mifupa na mafuta visiingie, vitakuletea panya, na panya huyo hataishia kwenye mboji. Atakwenda stoo, kwenye ile mifuko.

Asiye na kiwanja atafute mfugaji wa mtaani. Wenye nguruwe na kuku wa kienyeji hupokea maganda kwa furaha, mradi uwape yakiwa mabichi ya siku hiyo na hujachanganya na nailoni.